Eti wafanyakazi hawataki tu mfumo mpya? Hapana jamani

Ofisi ikileta mfumo mpya wa kompyuta watu wasiutumie, utasikia "hawa wazee wanaogopa kompyuta". Mimi niko stoo ya kiwanda cha samaki hapa Mwanza na nasema sio kweli. Mzee wetu wa mzani kila siku anatuma hela kwa simu, anachati na wajukuu WhatsApp, lakini sangara alikuwa anawaandika kwenye kaunta buku na laptopu iko mbele yake. Nikamuuliza mzee wangu vipi, akanionyesha mlangoni, gari la samaki limesimama, barafu inachuruzika mpaka kwenye matairi, na skrini inazunguka tu mtandao umekata. "Mwanangu, hawa samaki wasubiri hiki kizunguke?"

Nyingine eti ukilazimisha watatumia. Kwetu agizo lilitoka kila kilo iingie kwenye mfumo, ikawa mchana daftari, jioni mtu mmoja anakaa anakopi namba zote kwa mkupuo, kwa hiyo ukisoma ripoti mfumo unatumika kweli ila mzigo wa saa nne asubuhi unasoma saa kumi na mbili jioni, sasa hapo utajua samaki alikaa nje muda gani? Mtafiti Venkatesh na wenzake, wanaochunguza kwa nini watu wanakubali teknolojia kazini, waliandika 2003 kwamba msukumo wa wakubwa na wenzako kazini unafanya kazi pale mfumo ukiwa wa lazima, tena mwanzoni, mtu akishazoea unapungua.

Halafu kuna wanaodhani mfumo ukiwa rahisi basi imeisha. Urahisi unasaidia sana, ila mtafiti mwingine, Fred Davis, kwenye utafiti wake wa 1989 alikuta kinachobeba zaidi ni mtu kuona mfumo utamsaidia kazi yake. Hili nimeliona kwa macho, watu wetu walibadilika pale mfumo ulipoanza kujumlisha kilo na kutoa risiti ya wakala hapo hapo, maana zamani ilikuwa kalkuleta na ugomvi kila jioni, kilo mbili zikipotea mnarudia kurasa zote.

Na semina ya siku moja haitoshi, weka mtu wa kupigiwa mambo yakikwama, na laini ya pili ya intaneti.

Siku hizi mzee mwenyewe ndo anauliza mbona hamjawasha. Kaunta buku lake lipo chini ya mzani kwenye mfuko wa nailoni, analitoa umeme ukikatika tu.