Ni tabia yake, au anaumwa? Namna wataalamu wanavyotambua ugonjwa wa akili

Swali ambalo sisi wahudumu wa afya ya akili tunaulizwa na familia mara nyingi kuliko mengine yote ni hili: “Huyu ndugu yetu anaumwa, au ndiyo tabia yake tu?” Ni swali la haki, na halina jibu la mkato, kwa kuwa hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza peke yake kuthibitisha kwamba mtu ana sonona (huzuni nzito isiyoondoka) au skizofrenia (ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo). Mtaalamu hutegemea mazungumzo, historia ya mhusika, maelezo ya watu wanaoishi naye na uchunguzi wa mwili, kisha huyapima yote hayo kwa vigezo vilivyokubaliwa.

Kigezo ambacho watu wengi hukikimbilia ni uchache: jambo lisilofanywa na wengi huhesabiwa kuwa si la kawaida. Kigezo hiki ni dhaifu. Mtoto anayekokotoa hesabu ngumu kichwani ni nadra, lakini hakuna anayemwona mgonjwa. Wakati huohuo wasiwasi uliopitiliza na sonona huwapata watu wengi mno, na wingi huo hauyageuzi kuwa afya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 970, yaani mtu 1 kati ya 8 duniani, walikuwa wakiishi na tatizo la akili.

Kigezo cha mila na desturi kina hatari kubwa zaidi, na historia inatuonya. Mwaka 1851 daktari mmoja wa Marekani, Samuel Cartwright, alidai kwamba watumwa waliotoroka mabwana wao walikuwa wakiugua, akaupa “ugonjwa” huo jina la drapetomania. Katika Umoja wa Kisovieti, wapinzani wa serikali walifungiwa katika hospitali za akili kwa madai kwamba walikuwa na aina ya skizofrenia inayokwenda polepole. Katika visa vyote viwili, mtu aliyekataa kutii aliitwa mgonjwa. Ndiyo maana DSM, mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani, unaeleza kwamba mgongano kati ya mtu na jamii yake, uwe wa kisiasa au wa kidini, si ugonjwa wa akili isipokuwa kama unatokana na hitilafu iliyo ndani ya mtu mwenyewe.

Kinachobeba uzito, basi, ni mateso anayoyapata mhusika, kiasi ambacho maisha yake yamevurugika, na muda ambao hali hiyo imedumu. Mtu anayependa usafi na kunawa mikono mara nyingi hana ugonjwa. Lakini yule anayenawa mpaka ngozi inachubuka, anayechelewa kazini kila siku kwa sababu hawezi kuondoka kwenye bomba, na anayejua fika kwamba mikono ni safi ila hofu haimpi nafasi ya kuacha, huyo anahitaji msaada. Ukiwatazama kwa dakika moja, wote wawili wananawa mikono tu.

Kipimo hikihiki ndicho kinachomfichua mgonjwa aliyenyamaza. Mwenye sonona huenda asimsumbue mtu yeyote: anakwenda kazini, anaitikia salamu, lakini usingizi umemtoka, chakula hakimpendezi, na anajiona hana thamani. DSM inataka dalili 5 kati ya 9 zionekane kwa muda usiopungua wiki 2, na mojawapo lazima iwe huzuni au kupoteza hamu ya mambo. Binafsi naamini tunawapoteza wengi hapa, kwa kuwa jamii imezoea kumtafuta mgonjwa wa akili katika kelele.

Hata mateso, hata hivyo, hayatoshi kuwa kipimo pekee. Mtu aliye katika mania, yaani hali ya msisimko uliopitiliza, hujisikia ana nguvu kuliko wakati wowote, halali, anagawa fedha zake zote, na anashangaa kwa nini wenzake wana hofu. Hapo tunaangalia madhara zaidi ya hisia zake. Kuhusu hatari kwa wengine, ni vema ieleweke kwamba watu wengi wenye magonjwa ya akili si wakatili, na mara nyingi wao ndio hufanyiwa ukatili.

Huzuni ya kufiwa inaonyesha jinsi mpaka ulivyo mgumu kuchora. Kulia na kukosa usingizi baada ya msiba ni jambo la kibinadamu. Majonzi makali yasiyolegea yanayomzuia mtu kuishi huweza kutambuliwa kuwa tatizo baada ya miezi 6 kwa mujibu wa ICD-11, uainishaji wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022, ilhali kwa DSM ni baada ya miezi 12 kwa mtu mzima. Wataalamu waliona jambo lilelile, wakaweka mstari mahali tofauti.

Tabia ikibadilika ghafla, ndani ya saa au siku chache, mwili uchunguzwe kwanza. Sukari iliyoshuka, maambukizi yaliyofika kwenye ubongo, tezi ya shingo iliyoharibika, pombe au dawa fulani vinaweza kuleta mkanganyiko unaofanana na ugonjwa wa akili. Mwaka 1913 watafiti Hideyo Noguchi na J. W. Moore waligundua vimelea vya kaswende ndani ya bongo za wagonjwa waliokufa kwa aina ya wazimu wenye kupooza, na baadaye penisilini ikawa tiba yake.

Mnapomleta ndugu yenu kliniki, andikeni lini mabadiliko yalianza, analala saa ngapi, ameacha kufanya nini, na anatumia dawa gani. Akizungumzia kifo, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua; kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali kwamba analo, msimwache peke yake, na mleteni siku hiyohiyo.