Laifseva si za kumwonyesha polisi: vifaa vya dharura ndani ya gari lako

Kaskazi ikishaanza kuvuma na wageni kujaa Malindi na Watamu, ukaguzi wa magari huzidi kwenye barabara ya Mombasa na ile ya Garsen, na malalamiko nayo huzidi katika afisi zetu. Lalamiko ni lile lile mwaka baada ya mwaka. Dereva amesimamishwa, amekutwa hana pembetatu za tahadhari, hizo mnazoziita laifseva, ameandikiwa kosa, na sasa anataka aonyeshwe ni sheria gani hiyo, maana gari ni lake la nyumbani na hajabeba abiria wa kulipa.

Sheria ni ya Trafiki, Sura ya 403, pamoja na kanuni zake za makosa madogo za mwaka 2016. Gari lisilobeba pembetatu linatozwa faini ya shilingi 3,000, liwe la nyumbani au la biashara. Gari la abiria au la biashara lisilo na kizimamoto kinachofanya kazi linatozwa 2,000. Atakayeliacha gari barabarani likawazuia wengine kupita anakabiliwa na 10,000, na hapo ndipo wengi wanaposhtuka, kwani gari lililoharibika na kuachwa bila tahadhari yoyote linaweza kumletea mwenyewe makosa mawili kwa siku moja.

Utaratibu ni huu. Afisa akikuandikia taarifa ya kosa, soma kabla ya kuondoka: ina jina lako, namba ya gari, kosa, kiwango cha faini na tarehe ya kufika kortini. Unayo hiari ya kukiri na kulipa faini kwa njia rasmi bila kusimama mbele ya hakimu, au kukana na kufika mahakamani siku uliyopangiwa ujitetee. Ukipelekwa kituoni na kutakiwa dhamana ya pesa, dai risiti, na uitunze mpaka kesi iishe. Ukipuuza yote mawili, mahakama inaweza kutoa hati ya kukukamata, na shilingi 3,000 zikawa jambo dogo kuliko safari za kwenda na kurudi kortini. Faini hailipwi mkononi kando ya barabara. Narudia kwa sababu kila wiki yupo anayetueleza kwamba "alimaliza pale pale", kisha anashangaa kuambiwa kosa halijalipiwa. Wenye kesi ambazo tayari ziko mahakamani nawaomba wawaone mawakili wao; makala haya si tafsiri rasmi ya sheria.

Sasa tuyaache ya faini. Yupo dereva anayeazima kizimamoto cha jirani asubuhi ya kwenda kukaguliwa gari, jioni anakirudisha. Yupo mwenye pembetatu mpya kabisa, bado ziko ndani ya plastiki yake, chini ya magunia mawili ya nazi na tairi la akiba. Hawa wote wamejiandaa kukutana na afisa. Hawajajiandaa gari lizime saa mbili usiku baina ya Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke, pasipo na taa hata moja ya barabarani, huku lori la chumvi kutoka Gongoni likija nyuma.

Taa za dharura za gari pekee hazitoshi. Betri ikifa zinakufa nayo, na kwenye kona hazionekani mpaka mtu awe ameshafika. Matawi ya mti ndiyo balaa zaidi. Sijui ni nani aliyewafundisha watu kwamba majani ya mwarobaini yanang'aa usiku! Hayarudishi mwanga, na mwenye gari akishaondoka huyaacha hapo hapo, pamoja na mawe aliyowekea magurudumu. Mwenye bodaboda anayekuja baadaye ndiye anayeyakuta.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakula karibu mita 22 kila sekunde. Dereva akiona kitu, mpaka mguu uhame na kukanyaga breki, mita thelathini na zaidi zimeshapita, na breki zenyewe kwenye lami kavu zinataka nyingine kama hizo. Lami ikiwa imelowa, au tairi limelika, ongeza. Kwa hivyo pembetatu iliyowekwa hatua tano kutoka kwenye bampa ni pambo. Iweke mita 50 nyuma ya gari kwa uchache, na ya pili mbele, kwa sababu barabara zetu nyingi ni za njia mbili na wanaokuja upande wa pili nao wanahitaji kujua. Ukiharibikiwa baada ya kona au baada ya kilima, irudishe nyuma ya hiyo kona au kilima hata kama ni mbali zaidi. Unapokwenda kuiweka, itangulize mbele ya mwili wako, uso wake ukiwaelekea wanaokuja, na uvae jaketi la kuakisi mwanga. Jaketi hilo likae mlangoni au chini ya kiti chako. Likiwa kwenye buti itakubidi ushuke bila kuonekana ili ukalitafute.

Abiria watoke upande wa kushoto, wasogee mbali na lami. Wasikae garini kungoja fundi, na wasijipange nyuma ya gari wakaziba taa. Akina mama wenye watoto waliolala hunijibu kwamba nje kuna mbu. Ni kweli. Beba leso ya ziada.

Kizimamoto kinachofaa gari dogo ni cha unga mkavu, kuanzia kilo moja. Fahamu kwamba kilo moja inamwagika yote kwa kama sekunde kumi tu, kwa hiyo hakuna nafasi ya kusoma maelekezo wakati moto umeshashika. Vuta pini, elekeza kwenye kitako cha moto, bana, na upeleke kushoto na kulia. Moshi ukitoka chini ya boneti, simamisha gari, zima injini, toa watu wote kwanza. Usiifungue boneti wazi, hewa itaingia na moto utapanda mpaka usoni mwako. Ilegeze kidogo tu, upulize unga kupitia ule upenyo. Moto ukishaingia ndani ya gari au ukafika kwenye tangi, ondokeni. Gari halina thamani ya mkono wa mtu.

Mshale wa kizimamoto uwe kwenye kijani, na fundi akihudumie kila mwaka. Katikati ya mwaka kipindue na kukitikisa mara kwa mara, kwa sababu mtikisiko wa barabara huushindilia unga chini ukawa kama saruji. Kwetu pwani kuna la ziada: chumvi ya hewani hula kila chuma. Vyuma vya kushikilia mtungi huoza, na pini hukwama kwa kutu. Jeki pia. Ipandishe na kuishusha mara moja kila baada ya miezi michache, uipake grisi, usije ukagundua kwamba imeshikana siku ya pancha. Na usiache mtungi huo, wala manukato ya kupuliza wala vibiriti vya gesi, juani kwenye dashibodi. Gari lililofungwa kwenye jua la Malindi la saa saba mchana linawaka ndani kama tanuri.

Kwa jeki, wanaokwenda Mambrui, Marereni au kule Sala wananielewa nikitaja mchanga. Kando ya lami hakuna ardhi ngumu. Jeki inazama na gari linabaki pale pale. Kipande cha ubao mgumu, upana wake kama kurasa mbili za daftari, hakikugharimu chochote kwa seremala na ndicho kitakachokuokoa. Legeza nati kabla ya kuinua gari, funga breki ya mkono, na uweke kabari kwenye gurudumu la pembe ya pili. Ukimaliza, ziokote kabari zako. Tairi la akiba nalo lina maisha yake. Angalia tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ambalo halijawahi kugusa lami bado linazeeka kwa joto, na lisilo na upepo ni mzigo tu. Mwenye tuktuk asiseme haya hayamhusu, maana yeye mara nyingi hana hata tairi la akiba na hulala barabarani akingoja mwenzake.

Kuna swali la nyundo ya kuvunjia kioo ambalo wengi hawaulizi, na kwangu mimi ndilo kubwa kwa wasafiri wa Lamu. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024 yalikata barabara ya Garsen kwenda Lamu, na sehemu za Lango la Simba na Gamba zikawa hazipitiki. Maji ya kina cha sentimita 30 yanaweza kuliinua gari dogo likaelea. Yakifika 60, hata magari makubwa ya familia huchukuliwa. Ukiona maji yanapita juu ya lami, rudi. Dereva wa basi akikuambia anaijua njia, mwache aende peke yake. Lakini likitokea la kutokea, madirisha ya umeme hukataa kufanya kazi na mlango hukandamizwa na maji. Hapo unahitaji nyundo ndogo yenye ncha, na wembe wa kukatia mkanda uliogoma, vyote viwe mahali mkono wako unafika ukiwa umefungwa mkanda. Piga kioo cha pembeni, kwenye kona yake. Usipoteze nguvu kwenye kioo cha mbele. Kile kimegandishwa tabaka mbili na hakipasuki vipande.

Tochi yenye betri nzima, kamba ya kuvutia gari, nyaya za kugawiana chaji ya betri, fyuzi kadhaa, maji: haya mnayajua. Maji ya kunywa yawe mbali na ya rejeta, na kifuniko cha rejeta iliyochemka kisiguswe mpaka ipoe. Petroli ya akiba kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia sitaki hata kuisikia. Sachangwan, Januari 2009, watu zaidi ya mia moja walikufa kwa moto wa petroli iliyomwagika kutoka kwenye lori, na bado namwona mtu akibeba lita tano kwenye buti chini ya begi la shule la mwanawe.

Sanduku la huduma ya kwanza lisiwe la panadol zilizoyeyuka. Glavu, bendeji pana, vitambaa safi vya kukandamizia damu, mkasi. Jeraha linalovuja damu kwa nguvu likandamizwe moja kwa moja bila kufunuliwa kila dakika kuangalia. Majeruhi asivutwe kutoka garini isipokuwa moto au maji yanamtishia.

Msaada huitwa kwa 999 au 112, na Msalaba Mwekundu kwa 1199. Mtandao ni hafifu katika sehemu kadhaa za barabara ya Sala na ya Garsen, kwa hiyo ukipata hata mstari mmoja wa simu, anza na mahali ulipo kabla ya kusimulia kilichotokea: umetoka wapi, unaelekea wapi, umepita kijiji gani mwisho, uko upande gani wa daraja la Sabaki. "Niko njia ya Malindi" hakumsaidii mtu wa ambulensi, maana njia za Malindi ni tatu.