Je, wajua kwa nini rafiki anayebaki nyuma si yeye anayesimulia?

Katika riwaya nyingi za makuzi, yaani zile zinazomfuata mhusika tangu utotoni hadi utu uzima, huwamo watoto wawili wanaocheza pamoja ilhali nyumba zao hazilingani. Mmoja ni mtoto wa mwenye nyumba na mwenziwe ni mtoto wa mtumishi, au mmoja analipiwa karo na mwenziwe halipiwi. Urafiki wao unapasuka, miaka inapita, kisha mmoja wao anashika kalamu na kutueleza yote. Swali langu ni dogo: kwa nini ni huyu na si yule?

Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu, na nililitoa kwa ujasiri hata pale ambapo sikuulizwa. Nilisema kwamba anayesimulia ni yule mwenye hadhi, kwa kuwa yeye ndiye anayesomeshwa mpaka akaweza kuandika kitabu, na pia ndiye mwenye deni la dhamiri linalomfanya atake kuandika. Kwa jibu hilo, riwaya ya namna hii ingekuwa ni toba ya tajiri, iliyochapishwa na kuuzwa madukani.

Jibu hilo nililipata kwenye riwaya ya The Kite Runner ya Khaled Hosseini, iliyotoka mwaka 2003. Amir ni mtoto wa mfanyabiashara tajiri wa Kabul, mji mkuu wa Afghanistan, Mpashtuni (kabila lenye nguvu nchini humo) wa madhehebu ya Sunni. Hassan ni mtoto wa mtumishi wa nyumba hiyo hiyo, Mhazara (kabila linalodharauliwa) wa madhehebu ya Shia, na analala katika kibanda cha udongo ndani ya ua. Wote wawili hawakulelewa na mama zao, wakanyonyeshwa na mwanamke mmoja aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo ni ndugu wa ziwa moja. Hata hivyo asubuhi Amir huenda shule na Hassan hubaki kupiga pasi nguo, na Amir mwenyewe anakiri kwamba katika fikira zake hakuwahi kumhesabu Hassan kuwa rafiki. Siku moja ya majira ya baridi ya mwaka 1975, baada ya shindano la vishada, Amir anamwona Hassan akidhulumiwa, anajificha, na kuanzia hapo kitabu kizima ni cha mtu anayetafuta namna ya kulipa. Msomaji anayeanzia hapo, kama nilivyoanza mimi, anasamehewa akidhani kwamba ameona sheria. Kumbe ameona riwaya moja.

Ya pili niliyoisoma ilikaidi. Katika Nervous Conditions ya Tsitsi Dangarembga, iliyotoka mwaka 1988, msimulizi ni Tambudzai, msichana wa shamba katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ambaye alilima mahindi yake mwenyewe ili apate karo, na kaka yake akawa anayaiba na kuwagawia watoto wenzake. Mwenye hadhi ni Nyasha, binti wa baba yake mkubwa, aliyekulia Uingereza kwa miaka kadhaa akarudi Kishona kikiwa kizito mdomoni. (Baba huyo mkubwa anaitwa Babamukuru, jina ambalo Mswahili hahitaji kutafsiriwa.) Mabinti hao wanalala chumba kimoja katika nyumba ya misheni, wanapendana na kushangazana, lakini kalamu iko mkononi mwa yule aliyetoka kwenye nyumba ya moshi.

Ya tatu ilinimaliza kabisa. Reunion ya Fred Uhlman, ya mwaka 1971, ni kitabu chembamba kinachoanzia Stuttgart mwaka 1932. Hans Schwarz, mtoto wa daktari Myahudi, anafanya urafiki na Konradin, kijana wa ukoo wa kale wa makabaila. Kwao Hans hakuna njaa, ila karibu na jina la mwenziwe jina lake halina uzito, na usiku mmoja kwenye jumba la opera Konradin, akiwa na wazazi wake, anampita kana kwamba hamjui. Msimulizi ni Hans. Yule aliyepitwa ndiye aliyeandika, na ikiwa kuna deni la dhamiri hapo, mdaiwa hakuandika hata mstari mmoja wa usimulizi.

Basi hadhi ya kuanzia haiamui lolote. Nikahamia kwenye jibu la pili, nalo lilionekana la akili zaidi: anayesimulia ni yule aliyesoma. Jibu hili nalo halisimami. Nyasha amesoma vitabu ambavyo Tambudzai bado hajavisikia. Na katika L'amica geniale ya Elena Ferrante, riwaya ya mwaka 2011 inayofungua mfululizo wa juzuu nne, Lila wa mtaa maskini wa Napoli anaandika hadithi akiwa shule ya msingi, na rafiki yake Elena anaishi miaka yote akishuku kwamba kila kizuri alichokiandika yeye kimetokana na kurasa zile za mtoto. Tofauti kati ya mabinti hawa ni ndogo mno: baba wa Elena ni tarishi katika ofisi za manispaa, baba wa Lila ni fundi viatu. Ulipofika wakati wa mtihani wa kuingia shule ya kati, wazazi wa Elena walinung'unika wakalipa, wa Lila wakakataa. Lila aliendelea kujisomea Kilatini peke yake kwa kitabu cha kuazima maktaba, akamtangulia rafiki yake aliyekuwa akifundishwa darasani. Kama ni elimu au kipaji, msimulizi alipaswa kuwa yeye.

Kinachowaunganisha Amir, Tambudzai, Hans na Elena ni kwamba wameondoka. Amir anasimulia akiwa Marekani, Hans vilevile. Tambudzai amevuka kutoka shambani hadi misheni, kisha hadi shule ya masista. Elena amekwenda chuo kikuu Pisa na hatimaye kuishi Torino. Nikiri kwamba riwaya nne si takwimu, na kwamba nimezichagua mimi, kwa hiyo msomaji mwenye vitabu vingi kuliko vyangu anaweza kuleta ya tano ikanipinga. Lakini sababu ya muundo huu kufanya kazi inaweza kuelezwa, na mfano bora ninaoujua unatoka ndani ya basi.

Mtoto anayepanda basi la safari ndefu kwa mara ya kwanza, akakaa dirishani, huona miti inakimbia kurudi nyuma. Haoni kwamba yeye ndiye anayekwenda. Abiria aliye kwenye kiti cha pembeni hawezi kumsaidia kulitambua hilo, kwa sababu wanakwenda pamoja na kwa macho yake mtu huyo ametulia tuli. Mlima ulio mbali nao haumsaidii. Mlima huonekana kama unamsindikiza, na saa nzima baadaye bado uko palepale. Kinachomwonyesha mwendo ni vitu vilivyo kando kabisa ya barabara, tena kadiri kilivyo karibu na dirisha ndivyo kinavyopita kwa kasi zaidi.

Riwaya ya makuzi ina tatizo hilo hilo la mtoto wa dirishani. Tangu mwandishi Mjerumani Goethe alipochapisha hadithi ya Wilhelm Meister mwaka 1795 na 1796, kazi ya riwaya hiyo ya makuzi ni kuonyesha jinsi mtu mmoja anavyobadilika polepole, na mabadiliko ya polepole hayaonekani kwa anayebadilika. Ndugu aliyepanda naye ngazi zile zile ni abiria wa kiti cha pembeni. Maskini asiyemjua, anayempita sokoni, ni mlima wa mbali. Anahitajika mtu aliyekuwa karibu kiasi cha kugusana, aliyekula naye sahani moja au kunyonya naye ziwa moja, kisha akabaki kando ya barabara. Ndiyo maana waandishi hujitahidi sana kuwaweka watoto hao pamoja katika kurasa za mwanzo, wakawapa chumba kimoja, mti mmoja wa kukwea, wanasesere wa kupoteza pamoja. Nilizoea kuziona kurasa hizo kuwa mapambo ya utoto, nazo kumbe zinapanda mti karibu na dirisha.

Kuna jambo la pili katika mfano huu, nalo nalipenda zaidi. Mtu mzima ndani ya basi anajua kwamba miti haikimbii, lakini akitazama nje jicho lake bado linaiona inakimbia. Elimu haikufuta alichokiona. Imekaa juu yake tu. Msimulizi wa nafsi ya kwanza yuko hivyo, kwani neno lake «mimi» limebeba watu wawili, mtoto aliyeona na mzee anayejua. Amir alipoandika hadithi yake ya kwanza, ilihusu mtu aliyepata kikombe cha ajabu kinachogeuza machozi kuwa lulu, akawa anatafuta huzuni kila siku, mwishowe akakaa juu ya mlima wa lulu akiwa na kisu mkononi, na mkewe aliyemuua mikononi mwake. Hassan, ambaye hakujua kusoma, aliuliza kwa adabu kwa nini mtu yule hakunusa kitunguu tu. Mtoto Amir aliona humo utovu wa heshima na akamdharau kimoyomoyo kwa kutojua kusoma na kwa kabila lake. Amir mtu mzima hajitetei wala hatoi hotuba. Anaandika swali la kitunguu kama lilivyoulizwa na kuliacha mezani, na msomaji anapata kwa pigo moja tabaka, kipaji na dhuluma.

Mfano wa basi una mahali unapochechemea, na ni haki kupaonyesha. Mti hauna miguu, rafiki anayo. Hassan alijifunza kusoma alipokuwa mtu mzima na kumwandikia Amir barua. Lila alianzisha biashara ya kompyuta katika mtaa ule ule walimozaliwa. Hawakusimama, ila habari zao tunazipata kupitia dirisha la mtu mwingine, na wahenga walikwisha kusema kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Ferrante ameligeuza jambo hilo kuwa chanzo cha kitabu. Mfululizo unafunguka mwaka 2010, Lila ana miaka sitini na sita na ametoweka, amebeba nguo zake zote na hata kujikata kwa mkasi katika picha za familia. Elena anakasirika, anawasha kompyuta na kuanza kuandika kila anachokumbuka. Mti umekataa kuwa mti, na abiria hana tena cha kupimia mwendo wake.

Vipi pale ambapo hakuna aliyefanikiwa kuondoka? Katika Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya mwaka 1964, Njoroge ni mtoto wa kibarua asiye na ardhi, na Mwihaki ni binti wa Jacobo, tajiri aliye upande wa serikali ya kikoloni. Siku ya kwanza shuleni Mwihaki ndiye anayemwokoa Njoroge na watoto wanaomcheza shere. Njoroge anafaulu kwenda sekondari ya Siriana, Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni nchini Kenya wakati wa Mau Mau inamtoa huko kabla hajamaliza, na anapomwomba Mwihaki watorokee Uganda, anakataa. Riwaya hiyo inasimuliwa kwa nafsi ya tatu. Inawezekana ni hiari ya mwandishi tu, na sitaijengea nadharia, ila nimeona kwamba basi halikuondoka kituoni na hakuna mmoja kati ya wawili hao aliyekabidhiwa «mimi».

Kosa langu la mwisho lilikuwa kwenye jalada. Jina L'amica geniale lina maana ya rafiki wa kike mwenye kipaji cha ajabu, na kwa kuwa Elena ndiye msimulizi na Lila ndiye mwenye akili za moto, sikuwa na shaka ni nani anaitwa hivyo. Maneno hayo yanatamkwa mara moja, karibu na mwisho wa juzuu ya kwanza, siku ya harusi ya Lila, aliyekuwa na miaka kumi na sita, wakati Elena anamwogesha. Elena anasema kwamba shule nayo ina mwisho wake. Bibi harusi anamjibu kwamba kwake yeye haina, aendelee kusoma awapite wote, wavulana na wasichana, kwa sababu yeye, Elena, ndiye rafiki yake mwenye kipaji.