Kabla Hujabonyeza "Jibu Wote": Imeili za Kikundi Zisigeuke Kero

Watu wengi wanaokuja kwenye dawati letu la msaada wa TEHAMA wakilalamika kwamba imeili za kikundi chao zimewazidi, ukiangalia vizuri tatizo sio wingi, tatizo ni kwamba kila meseji inamlazimisha mtu aifungue kwanza ndo ajue kama inamhusu au la. Kuna kikundi kinatuma meseji kibao kwa siku na hakuna anayechoka, kingine kinatuma chache tu watu wanaanza kujitoa mmoja mmoja.

Tuanze na mada, ule mstari wa juu kabisa ambao watu wanaujaza kama vile wanalipa kodi. "Habari." "Msaada jamani." "Swali dogo." Sasa chukulia kikundi cha wapenzi wa kamera za filamu, wako watu 300, mmoja anaandika "Habari wanakikundi" halafu ukifungua ndani unakuta, baada ya salamu na maelezo ya kamera aliipataje, kwamba filamu inakwama akifika picha ya 12. Si hiyo ndo ilitakiwa iwe mada? Aandike "Filamu inakwama kwenye picha ya 12, kamera ya mm 35" na kila mtu anajua la kufanya, fundi anafungua, anayependa lenzi tu anapita zake, na yule atakayekutana na tatizo hilohilo mwakani atatafuta neno "inakwama" kwenye imeili zake na jibu analipata bila kumsumbua mtu. Huyu wa mwakani ndo anasahaulika sana, na kwa maoni yangu ndo wa kumfikiria kuliko wote, maana kikundi kikikaa miaka kadhaa utajiri wake wote uko kwenye meseji za zamani, na meseji 50 zenye mada ya "Msaada" ni sawa na hakuna kitu.

Halafu kuna hii ya kuanzisha jambo jipya kwa kujibu imeili ya zamani. Mtu anaona uvivu kuandika anwani ya kikundi, anafungua meseji yoyote anabonyeza jibu, anafuta mada anaweka yake, anadhani kamaliza. Kumbe kila imeili ina utambulisho wake ambao huuoni, na ukibonyeza jibu, meseji yako inabeba utambulisho wa ile unayoijibu, ndio maana majibu yanakaa pamoja kama mazungumzo. Kwa hiyo kwenye programu nyingi tangazo lako la kuuza lenzi linaenda kukaa katikati ya mjadala wa filamu iliyokwama na wale waliouzima huo mjadala usiwaletee taarifa tena hawalioni kabisa. Jambo jipya, imeili mpya. Na mjadala wenyewe ukihama njiani, badilisha mada halafu malizia na "zamani:" na mada ya mwanzo, watu waelewe mmetokea wapi.

Kwenye kunukuu, ugomvi wa kujibu juu au kujibu chini ya maneno unayoyanukuu ni wa miaka mingi na sidhani kama utaisha, mimi simlaumu mtu anayejibu juu akiwa kwenye simu. Ninachokataa ni kubeba mkia mzima, meseji tisa zilizopita na saini zake zote, ili tu useme "nakubaliana". Mwongozo wa adabu za mtandaoni wa Oktoba 1995, ule unaoitwa RFC 1855, ulishasema unukuu kiasi cha kutosha tu kumkumbusha msomaji mnazungumzia nini. Yaani hivi:

> filamu inakwama akifika picha ya 12
Hapo angalia kwanza kama meno ya kuvutia filamu yameshika matundu ya pande zote mbili.

Mistari miwili, basi. Mengine yote futa.

Sasa "jibu wote". Novemba 2016 kwenye mfumo wa imeili wa NHS, huduma ya afya ya Uingereza, meseji moja ya majaribio iliwafikia watu zaidi ya 800,000 kwa bahati mbaya, wengine wakaanza kujibu wote wakiomba watolewe, wengine wakajibu wote kuwaambia wenzao waache kujibu wote, na mfumo ukaelemewa. Kikundi chako hakitafika huko ila hesabu ni ileile, watu 30 wakisema "asante sana mkuu" kwenye kikundi cha watu 300 hizo ni meseji 9,000 zimeingia kwenye simu za watu. Shukrani mtumie mhusika peke yake. Na kabla ya kutuma angalia ile sehemu ya "Kwa", maana vikundi vingine vimewekwa jibu liende kwa wote hata kama wewe umebonyeza jibu la kawaida, na hapo ndo mambo ya siri huwa yanamwagika.

Ukiwatumia watu wasiofahamiana, anwani zao ziweke kwenye Bcc, sehemu ya nakala ya siri, ili wasionane, sio kila mtu anapenda imeili yake isambae. Ila kama wewe ndo umewekwa Bcc usibonyeze jibu wote, utajianika kwamba ulikuwepo unasoma.

Picha punguza ukubwa kwanza. Faili likiambatishwa kwenye imeili linageuzwa kuwa maandishi na linanenepa kwa karibu theluthi moja, ndo maana faili la MB 20 linakataliwa na wewe unajiuliza mbona kikomo ni MB 25, limeshafika kama 27 hilo. Kama ni kubwa liweke mahali mtandaoni utume linki.

Kwa upande wa kupokea, usiziache meseji za kikundi zichanganyike na za kazini. Tengeneza kichujio kinachokamata meseji zenye anwani ya kikundi, kizipe lebo, kizipeleke moja kwa moja kwenye folda yake bila kupita inboksi, utazisoma ukiwa na nafasi. Ukichoka na kikundi, jitoe. Usibonyeze kitufe cha barua taka kwa kitu ulichojiunga mwenyewe, manake watoa huduma wanatumia hizo ripoti kupima kama mtumaji anaaminika, wakiwa wengi wanaofanya hivyo meseji za kikundi zinaanza kuangukia kwenye taka hata kwa wale wanaozitaka.

Mwisho, lile jibu la otomatiki la "nipo likizo hadi tarehe fulani". Kuna programu zinajua kutofautisha meseji ya kikundi na ya mtu, nyingine hazijui, na zile zisizojua zinaweza kujibu hata meseji za kikundi. Kwenye mipangilio tafuta sehemu ya kujibu watu walio kwenye orodha yako ya mawasiliano tu, uiwashe. Kama haipo, zima kabisa, mtu mwenye filamu iliyokwama hana haja ya kujua unarudi lini.