Bawanghua: ua la dungusi linaloingia chunguni

Ukifungua mfuko wa bawanghua kwa mara ya kwanza, unaweza kudhani umeuziwa maganda ya mahindi: vitu virefu vya rangi ya hudhurungi, vyepesi, vilivyokunjamana. Kumbe ni maua ya dungusi, Selenicereus undatus, lilelile linalozaa tunda la joka. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, lakini ni huko Guangdong, kusini mwa China, ambako ua lenyewe limekuwa kitoweo, na mji wa Zhaoqing unasifika kwalo kwa jina jingine, jianhua, yaani ua la upanga.

Ua hilo hufikia urefu wa sentimita 30, huchanua usiku mmoja tu na kunyauka asubuhi, kwa hiyo mchumaji hana nafasi ya kuchelewa. Hupasuliwa kwa urefu, hupitishwa kwenye mvuke kidogo, kisha huanikwa juani.

Kazi yangu ni mimea inayoliwa, na hili ni miongoni mwa yale ninayopenda kuyapika mwenyewe. Nayaloweka maua kwa saa moja hivi mpaka yalegee, nayachana, halafu naosha kwa makini zile nyuzi za katikati, kwa sababu ndiko mchanga unakojificha. Wakantoni, yaani watu wa Guangdong, huyachemsha pamoja na mifupa au mapafu ya nguruwe, kunazi za Kichina zilizokolezwa sukari, viini vya kokwa za aprikoti na kipande cha ganda kavu la chenza, kwa moto mdogo, saa mbili hadi tatu. Supu hutoka tamu kidogo, na ua hubaki na utelezi mithili ya mlenda.

Utelezi huo ndio kiungo kati ya chungu na tiba. Matabibu wa Kichina huliita ua hili tamu na lenye ubaridi: hupoza joto la mwili, hulainisha mapafu na kupunguza makohozi. Msomaji wa pwani yetu, aliyelelewa akiambiwa vyakula gani ni vya baridi na vipi ni vya joto, ataielewa lugha hiyo bila mkalimani. Mimi nalipendekeza kama chakula kinachotuliza koo lililokauka, wala silipendekezi badala ya matibabu. Kikohozi kilichopita wiki mbili kinahitaji kipimo cha kifua kikuu, si supu.

Nasisitiza pia jina la mmea, kwani ndugu yake, Selenicereus grandiflorus, ametumika katika dawa za mitishamba za Ulaya kwa ajili ya moyo, na haifai kumchukua mmoja kwa mwingine. Na kwa mwenye tumbo jepesi, anayeharisha upesi, wapishi wa Kantoni wenyewe hupunguza maua na kutia vipande viwili vitatu vya tangawizi, ili joto lake lisawazishe ubaridi wa ua.