Mhudumu wa Tanga si mvivu

Ukicheleweshewa chai Ngamiani, hukosi kusikia kauli ile ya miaka yote: "Watu wa Pwani wavivu, wanataka bosi mkali." Imerudiwa mno hadi imekuwa kama ukweli. Si kweli.

Karibu na stendi ya Kange niliwahi kuagiza changu wa kukaanga. Binti akaniambia "anakuja" mara tatu, nusu saa ikapita. Kumbe samaki walikwisha tangu saa sita. Aliogopa kusema, kwa sababu mteja akiondoka meneja humfokea mbele ya watu, na sahani ikivunjika hukatwa mshahara bila kusikilizwa. (Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka ajieleze kwanza, na makato ya hasara yasizidi robo ya ujira wake.)

Woga haumfanyi mtu achangamke. Humfundisha kuficha. Amy Edmondson wa Marekani alipochunguza makosa ya dawa hospitalini miaka ya 1990, timu zenye viongozi wazuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Maelezo yake ni kwamba hazikuogopa kuyasema, na kosa likisemwa hurekebishwa.

Mlango wa pili kutoka pale, vijana ni wa mtaa huohuo. Mwenye hoteli hupita asubuhi: "Leo changu hakuna, mwambieni mteja mapema." Niliambiwa kabla sijakaa. Nikala pweza, na basi nikaliwahi.