Bakteria Hawamezi Sumaku, Huiunda Wenyewe

Mtu akipitisha sumaku juu ya mchanga mweusi kando ya ziwa, tuseme Entebbe, na kuona chembe zikinasa, ni rahisi adhani kwamba bakteria wenye sumaku, waishio topeni, humeza chembe kama hizo. Sivyo.

Bakteria hao, ambao Richard Blakemore aliwaeleza mwaka 1975 nchini Marekani, hufyonza chuma kilichoyeyuka majini. Ndani ya seli, utando wa ndani hujikunja na kufanya vifuko vidogo, kisha protini maalumu hupitisha chuma hadi ndani ya kila kifuko na kudhibiti hali ya kikemia iliyomo, mpaka fuwele ya magnetaiti, madini ya chuma na oksijeni yenye usumaku, ianze kukua. Wapo pia watengenezao graigaiti, ambayo ni chuma na salfa. Ukubwa na umbo la fuwele huongozwa na jeni, na kwa kawaida ni nanomita 35 hadi 120 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), kipimo kinachotosha (na hapa ndipo ninapostaajabu zaidi) kushika usumaku wa kudumu bila fuwele kugawanyika katika maeneo ambayo usumaku wake unapingana. Chembe zilizookotwa ovyo zisingelingana hivyo.

Fuwele hupangwa mstari mmoja kama shanga. Mstari huo haumvuti bakteria popote. Humwelekeza tu kufuata mistari ya usumaku wa dunia, ambayo mahali pengi huinama, naye huogelea kwa mikia yake hadi kina chenye oksijeni imfaayo. Hata Uganda, ambako ikweta ya ramani hupita, mistari ya usumaku wa dunia imeinama kiasi, kwa kuwa ikweta ya sumaku, yaani mahali mistari hiyo hulala sambamba na ardhi, iko kaskazini zaidi.